Nyumba Yenye Watu Kasoro Kumi na Mmoja

Mliponiaga pale karakana mlinipa keki, shati la kitenge linalonibana kwapani, na saa ya ukutani. Nawashukuru. Saa hiyo niliifungua kabla sijaitundika, nikakuta aliyeiunganisha amemwaga risasi ya kulehemu ya kutosha kuziba sufuria. Nimeirekebisha na sasa inatembea vizuri. Imebakisha skrubu moja ambayo sijui ilitoka wapi, nami sina haja ya kujua.

Mliniomba pia niwaandikie mambo ya kazi, eti mzee asiende na siri zake. Nani alipandishwa cheo na nani aliruka foleni sitaandika, maana hayo mnayajua, na msiyoyajua mtayazua. Nitaandika juu ya nyumba zinazojiendesha: mageti yanayojifungua, milango ya kuku inayojifunga, na yale mengine ambayo watu wa Kakamega waliniletea wakiwa wameyachora nyuma ya kadi za harusi. Na nitaandika juu ya Mama Rasoa wa Iguhu, ambaye kwa ufundi wangu mzuri nusura ang'olewe kwake akapelekwe Nairobi kuishi orofa ya nne. Kisa hicho mnakijua nusu, kwa sababu nusu ya kwanza mlikuwa mnacheka na ya pili sikuwasimulia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shivachi, mtengeneza redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi mpya mfukoni, ncha imechomoza ili kila mtu aione. Mzee aliitazama, akaichukua, akaitumia kukoroga chai, akanirudishia. Halafu akanipa kiti. "Keti hapo, sikiliza wateja," akasema. Nilikaa siku tatu nikisikiliza wateja, na nyumbani mama yangu akaanza kuuliza kama kweli nilikuwa nimepata kazi au nilikuwa nimepata kiti.

Siku ya nne alikuja mama mmoja na redio kubwa ya mbao. Inakoroma, akasema, tena inakoroma asubuhi tu. Mimi tayari nilikuwa nimeshaanza kulegeza skrubu za nyuma. Mzee Shivachi akanipiga kikofi cha mkono, taratibu, kama unavyomfukuza nzi.

"Redio yako inakaa wapi, mama?"

"Juu ya kabati."

"Na kabati liko wapi?"

"Jikoni."

"Na kuku wako wanalalanga wapi?"

"Jikoni pia," akasema.

Mzee akaigeuza redio juu chini, akaitikisa, na yakatoka manyoya ya kujaza mto wa mtoto. Redio za zamani zilikuwa na joto, na mtetea mmoja aliyekuwa na akili alikuwa amegundua hilo kabla yetu sote. Mzee hakufungua skrubu hata moja. Baada ya yule mama kuondoka aliniambia neno ambalo nimewaambia ninyi mara mia: mashine haiharibiki peke yake, inaharibikia mikononi mwa watu, kwa hiyo usiulize mashine kwanza, uliza watu. Nililishika neno hilo vizuri sana, nikalirudia kwa kila mwanafunzi, na siku nilipolihitaji mimi mwenyewe nikalisahau kabisa. Tutafika huko.

Vifaa vyetu vya wakati huo msivicheke. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la makaa, na ukitaka kujua kama kimepata moto ulikitemea mate. Mimi niliwahi kukijaribu kwa kidole gumba, alama ipo, njooni niwaonyeshe. Mita tulikuwa nayo moja, na sindano yake ilikuwa imepinda, hivyo kila kipimo ulikisoma halafu unaongeza kidogo kwa imani.

Redio zikapungua, televisheni zikaja, simu zikaja, kisha zikaingia zile bodi ndogo za kompyuta unazoweza kuzificha kwenye kiganja. Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mtu anatazama video moja kwenye simu, na kesho yake yuko mlangoni mwa karakana anataka nyumba yake ifanye kazi yeye akiwa amekaa.

Kazi yangu ya kwanza ya namna hiyo ilitoka Ekero, kwa Bwana Rajab, mwuza vipuri vya magari. Aliingia na mota ya waipa ya lori, ile ya kufutia kioo, kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza yangu kwa heshima zote.

"Asalaam aleikum, fundi. Nimekuletea ndoa yangu, uiokoe."

Mkewe, Bi Zainabu, alikuwa akisonga ugali wa watu kumi na wanne mara mbili kwa siku, na bega lilikuwa limegoma. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba ama atafute msaada au ajifunze kula wali. Bwana Rajab hakuwa tayari kwa wali. Basi tukachomelea fremu ya chuma juu ya jiko, tukafunga mota, tukafunga mwiko, nikaweka swichi ya kasi tatu. Tukajaribu na uji. Jamani, mtambo ulikoroga uji ule hata nikatamani kumwita mpiga picha.

Tukaongeza unga. Ugali ulipoanza kushika, mwiko ukasimama na sufuria ikaanza kuzunguka. Tukaibana sufuria kwenye jiko kwa vyuma viwili. Mota ikafikiri kidogo, kisha jiko lote likaanza kugeuka, na moto wake, likielekea kwenye kabati la vyombo. Bwana Rajab alikuwa akilifuata akilisemesha kama ng'ombe. Bi Zainabu alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi kusimama kwa kicheko.

"Niliomba mtu wa kunisaidia kusonga," alisema alipopata pumzi. "Sikuomba jiko langu lihame."

Mtambo ule bado upo. Unakoroga uji wa kufuturu kila Ramadhani, na ugali anasonga Bwana Rajab mwenyewe, kwa mikono yake, zamu yake ni siku nne kwa wiki. Bega la Bi Zainabu lilipona. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kuchagua mota, shika mwiko usonge wewe mwenyewe, ndipo utajua unashindana na nini.

Halafu kulikuwa na Mwalimu Jairo wa Likuyani na mlango wake wa kuku. Mwalimu alitaka banda lijifunge giza likiingia, kwa hiyo nikaweka jicho la kupima mwanga. Kama ningekuwa mgeni nchi hii ningesamehewa. Nimezaliwa hapa, nimenyeshewa hapa, na bado sikukumbuka kwamba saa tisa mchana wingu la mvua likija linaleta giza la kutosha kuwasha taa. Siku ya kwanza mlango ulijifunga saa tisa kamili. Ndani alikuwa jogoo mmoja, mkavu, na nje walikuwa kuku arobaini wakilowa na kumtazama.

Nikaondoa jicho nikaweka saa. Stima ikapotea, saa ikaanza upya kutoka sifuri, mlango ukawa unajifunga wakati wa chai ya saa nne. Kuku wakachoka na mimi. Wakajifunza kwamba wakisikia mota inanguruma ni lazima wakimbie ndani haraka kabla mlango haujawaacha nje. Hilo lingekuwa jambo jema, ila sauti ya mota ile ilifanana sana na ya bodaboda. Hadi leo bodaboda ikipita kwa Mwalimu Jairo kuku wote wanakimbilia bandani na kupanda kulala, mchana kweupe. Mwalimu anasema wanataga mayai machache lakini wana nidhamu kuliko darasa lolote alilowahi kufundisha.

Sasa Mama Rasoa.

Mwanawe Elphas alikuja karakana akiwa amevaa viatu vya ofisi na uso wa mtu ambaye hajalala. Anafanya kazi Nairobi. Mama yake, mjane wa miaka themanini na kitu, alikuwa ameteleza mlangoni siku ya mvua, akaanguka, akashindwa kuinuka mpaka jirani alipomkuta. Hakuvunjika, alivimba nyonga tu. Lakini watoto walikuwa wamekaa kikao wakaamua mama asiishi tena peke yake. Elphas ana chumba cha ziada kwake, orofa ya nne.

"Na yeye anasemaje?" nikauliza.

"Amesema nikimpeleka orofa ya nne nimpeleke na ng'ombe."

Walikuwa wamefikia makubaliano. Mama angepewa mwezi mmoja. Mimi ningefunga mitambo ya kumwambia Elphas, kwa ujumbe wa simu, kwamba mama yuko nyumbani na yuko salama. Mitambo ikionyesha mambo ni shwari, anabaki. Ikionyesha vingine, mwisho wa mwezi gari linakuja na mama anapanda. Elphas aliniambia hayo akitazama viatu vyake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimeshawaambia ninyi msimwambie mteja asiwe na wasiwasi, sasa mnajua nilikojifunza.

Nilifunga kazi ambayo mpaka leo naionea fahari. Geti lililojifunga lenyewe. Kwenye nguzo ya geti, macho mawili, moja la nje na moja la ndani. Mtu akikatiza la nje kwanza, ameingia, mtambo unaongeza mmoja. Akikatiza la ndani kwanza, ametoka, unapunguza mmoja. Asubuhi hesabu inaanza na mmoja, ambaye ni Mama mwenyewe, na mara tatu kwa siku Elphas anapata ujumbe wa watu walioko nyumbani. Macho niliyaweka usawa wa kiuno ili kuku na mbwa wapite bure. Ndama nilimwomba Mama amfunge.

Mama Rasoa alisimama na fimbo yake akinitazama nikimaliza.

"Kwa hivyo hii nguzo itakuwa inanihesabu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nitakuwa ngapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni. Nilicheka, nikakusanya vifaa vyangu.

Kesho yake saa sita Elphas akanipigia. "Fundi, nyumbani kuna watu kasoro watatu."

"Kasoro?"

"Nimeandikiwa hapa alama ya kutoa, halafu tatu. Ama ni uchafu kwenye simu?"

Nikamwambia apanguse simu. Nasema ukweli mbele za Mungu, nilimwambia mtu mzima, mwenye ofisi, apanguse simu. Akapangusa. Bado watu walikuwa kasoro watatu. Jioni wakawa kasoro saba. Alimpigia mama yake, akamkuta mzima, anakula, tena ana haraka kwa sababu ana watu.

Nikaenda Iguhu. Nikafuta macho, nikaondoa buibui, nikabadilisha waya. Nikapita getini mara kumi na mbili, ndani nje, ndani nje, na majirani wamesimama mbali shambani kwao wakinitazama. Hesabu ikatoka sawasawa kila mara. Nikanywa chai, nikaaga, Mama akanisindikiza mpaka barabarani, na siku hiyo jioni hesabu ilikuwa mmoja, safi kabisa. Kesho yake wakawa kasoro watano. Jumapili wakawa kasoro kumi na mmoja. Nyumba ile ilikuwa inakosa watu wengi kuliko kamati ya harusi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Badala ya kuuliza watu, nikauliza mashine. Nikaingia kwenye programu nikaiandikia amri moja: hesabu isishuke chini ya sifuri. Shida imekwisha, nikajiambia, na nikala chakula cha mchana vizuri.

Nilikuwa nimesahau kwamba kuna amri nyingine, niliyoiandika mwenyewe wiki moja kabla, ianze kazi hesabu ikipitisha siku mbili bila kasoro. Hesabu ikifika sifuri, maana yake nyumba haina mtu, basi geti lijifunge kwa kufuli na Elphas ajulishwe. Mnaona linakoelekea. Siku mbili baadaye, saa tano asubuhi, Mama Rasoa alitoka kumsindikiza mtu, na geti likajifunga nyuma yake kwa heshima zote. Alikuwa barabarani na ndala miguuni, maharagwe yako motoni. Elphas akapata ujumbe: hakuna mtu nyumbani. Akapiga simu, ikalia mezani. Akampigia chifu. Chifu akafika akakuta moshi jikoni, sufuria imeteketea, na Mama ameshaingia ndani, hataki kusema amepitia wapi.

Elphas hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema kwa upole kwamba mama sasa anatangatanga na kuacha moto, kwamba asante kwa kazi yangu, na kwamba Jumamosi anakuja na gari. Nilitaka kumwambia ni geti langu. Mdomo ukafunguka, ukasema, "Sawa, safari njema." Niliona haya mpaka nikashindwa kula, na mke wangu akadhani ni malaria.

Jumamosi nilitoka mapema. Bisibisi niliiacha nyumbani. Nilimwambia Mama Rasoa nimekuja kukaa tu, kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Hakushangaa. Alinipa kigoda jikoni na ungo wa njugu nimenye. Begi jipya alilotumiwa na watoto lilikuwa kando ya mlango, bado na karatasi zake. Alikuwa amelitundikia kitambaa cha kufutia vyombo.

"Umeshafungasha, Mama?"

"Nimefungasha hicho kitambaa," akasema. "Fundi, mimi nitakaa huko juu nimsalimie nani mulembe? Lifti?"

Nikamenya njugu.

Haikupita robo saa, nikasikia majani yanachakacha nyuma ya migomba. Ua wa mimea ukafunguka, mikono miwili ikatangulia, na akatokea mama mnene mwenye bakuli, jirani anayeitwa Mama Truphena. Alikuwa amekuja kuomba chumvi. Nilipomtazama nikaona pale kwenye ua kuna upenyo uliolainishwa na miaka ya mabega ya watu. Ulikuwa umebonyea vizuri, chini pamekanyagwa pakawa pagumu.

"Mnapitanga hapo?" nikauliza.

"Sasa tupite wapi?" Mama Truphena akasema. "Huko getini ni kwa wageni. Mimi niende mpaka barabarani nizunguke, nipige hodi, niombe chumvi, na jikoni ni hapa?"

Akaketi. Chumvi ilichukua dakika arobaini. Alipoinuka, Mama Rasoa naye akashika fimbo, na wote wawili wakaanza kuelekea getini, mbali kule, na nyonga ile mbaya.

"Mama, ua si uko hapa?" nikasema. "Apite alikopitia."

Wanawake wote wawili wakageuka wakanitazama. Nimepigwa shoti na stima mara nyingi, na hakuna iliyonifikia kama macho yale.

"Mgeni wangu nimtolee kwenye tundu, kama mwizi?" Mama Rasoa akauliza.

"Lakini ameingilia kwenye tundu."

"Kuingia ni kwake. Kutoka ni kwangu."

Wakaenda. Nikawafuata na ungo mkononi. Wakapita mbele ya macho yangu mawili ya nguzoni, mmoja, wa pili. Wakasimama barabarani wakaagana mpaka mazungumzo yakaanza upya mara tatu. Kisha nikalifungua kufuli kwa ndani, Mama akarudi peke yake. Mashine ilikuwa imeona wawili wakitoka na mmoja akirudi, na huyo Mama Truphena haikumwona akiingia hata siku moja. Ilikuwa inahesabu vizuri sana tangu siku ya kwanza. Kila jirani aliyeingilia kwenye tundu la ua na kusindikizwa getini alikuwa anapunguza mmoja. Siku niliyokuwa nikihangaika na waya hakuja mtu, kwa sababu nani aje kuomba chumvi mbele ya fundi? Na siku ya maharagwe, aliyepewa heshima ya kusindikizwa alikuwa Mama Truphena huyohuyo, na Mama alirudi ndani kwa tundu. Chifu hakuambiwa kwa sababu mama wa watu hawezi kumwambia chifu kwamba ameingia kwake kwa kutambaa.

Niliketi kwenye jiwe la getini nikacheka, na katikati ya kicheko nikakuta nalia kidogo. Mzee Shivachi angenikorogea chai kwa bisibisi yangu.

Elphas alifika saa sita. Kabla hajakaa nikamwambia yote, nimesimama: kufuli ni langu, sifuri ni yangu, maharagwe ni yangu. Mama yako hakutangatanga, nilimfungia nje. Uso wake ulibadilika mara kadhaa na sikuupenda hata mmoja. Kisha nikampa simu yangu, yenye hesabu zote tangu mwanzo. Kasoro watatu, kasoro saba, kasoro watano.

"Hii ya Jumapili, kasoro kumi na mmoja," nikamwambia. "Ongeza mmoja, ambaye ni Mama. Hao ni watu kumi na wawili waliokuja kumwona siku moja."

Aliisoma kwa muda mrefu, akipandisha na kushusha kwa kidole.

"Kule kwangu nimekaa miaka sita," akasema mwishowe. "Jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu. Huviacha nje."

"Siku ile mama alipoanguka, nani alimkuta?" nikauliza, ingawa nilishakisia.

"Mama Truphena." Akageuka akatazama migomba. "Alipitia hapo?"

"Tunapitanga hapo tangu ukiwa na nepi," Mama Rasoa akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa unapitia hapo kuiba mapera yao. Sasa umekuwa mtu wa geti."

Elphas alirudi Nairobi na lile begi jipya, limejaa maparachichi. Lakini kabla hajaondoka aliniuliza swali la haki: mama akianguka tena siku ambayo hakuna aliyekuja? Basi nikaipindua mashine. Kufuli nikalitoa, na ile amri ya kutoshuka chini ya sifuri nikaifuta. Asubuhi hesabu sasa inaanza na sifuri, Mama nimemtoa, kwa kuwa alisema yeye hahitaji kuhesabiwa kwake. Kila jirani akisindikizwa, inapungua. Na ikifika saa sita mchana bado haijapungua hata mmoja, Elphas anapata ujumbe huu: hesabu iko sawa, piga simu haraka. Ni mashine pekee niliyowahi kuunda ambayo ikikosea kila mtu anafurahi.

Ujumbe huo ulikuja mara moja tu, wiki yangu ya mwisho kazini, ndiyo siku ile mliyoniona nikitoka na aproni begani. Elphas alikuwa amenipigia. "Fundi, iko sawa. Tangu asubuhi iko sawa. Na simu hashiki." Nilipanda bodaboda mvua ikininyeshea mgongoni, na njia nzima niliona ile sakafu ya mlangoni inayoteleza. Nilipofika sikuona sababu ya kuzunguka mpaka getini. Nilishuka kwa Mama Truphena, nikakata shambani kwake, nikapenya kwenye ua na mabega yangu yote, nikachana koti.

Mama Rasoa alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, mzima, amenuna. Majirani wote walikuwa wamekwenda kwenye harusi Shinyalu. Yeye nyonga ilimkatalia safari. Simu ilikuwa ndani ya pipa la unga, mahali ambapo hakuna mtoto wa mtu angeitafuta.

"Kumbe watu wasipokuja ndipo mnakuja," akasema. "Keti basi. Chai imebaki."

Nilimtumia Elphas ujumbe kwamba mama yake ni mzima, nikakaa saa nzima nikikauka. Alinipa mihogo, akanisimulia bibi harusi ambaye hakumpenda tangu mwanzo. Nilipoinuka nikamwambia abaki tu, mguu unauma, mimi nitatokea nilikoingilia. Alitafuta fimbo yake, akanitangulia, na tukatembea hatua kwa hatua mpaka getini, tukasimama barabarani tukaagana vizuri, halafu tukaagana tena.

Nilikuwa sijafika kwenye lami simu ikalia. Ilikuwa Elphas, safari hii anacheka.

"Fundi, imebadilika. Nyumbani kuna watu kasoro mmoja."

"Rudi kazini kwako," nikamwambia. "Huyo mmoja ni mimi."